Waliosema Siyo

Jina la Mama Iandikwe hakupewa na rafiki. Alitupiwa na hakimu mmoja mwenye hasira za karibu, asubuhi moja katika kesi ya ukuta, aliposimama kwa mara ya tisa na kusema, "Naomba iandikwe, mheshimiwa."

Hakimu aliweka kalamu mezani, akakunja na kukunjua vidole. "Wewe mama iandikwe! Iandikwe, iandikwe, tangu saa tatu. Unataka mkono wangu ukatike?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata mtu aliyeshtakiwa. Mwanamke huyo, aliyekuwa wakili, naye alicheka. Akasubiri kicheko kiishe, akainama kidogo kwa adabu, akasema, "Na hilo nalo liandikwe."

Katika mahakama zile za chini hakukuwa na mashine ya kunasa sauti. Hakimu aliandika kila kitu kwa mkono wake: swali, jibu, hata kilio cha shahidi kama aliona kina maana. Neno ambalo kalamu haikulifikia lilikuwa halikusemwa, hata kama lilitikisa madirisha. Mawakili vijana hawakulijua hilo, au walilijua wakalidharau. Walisimama wakamwaga maneno matamu, macho yao kwa watu waliojaa kwenye mabenchi, huku hakimu akiambulia neno moja katika matano. Mama Iandikwe aliitazama kalamu. Ikienda, ananyamaza, ikisimama, anasema sentensi nyingine. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ana kigugumizi. Lakini kesi zilipopanda rufaa, hotuba za wenzake zilikuwa zimeyeyuka kama mvuke wa chai, na maneno yake yamekaa kwenye faili, makavu, kamili, yanawasubiri majaji.

Ujanja huo hakuupata chuoni. Mama yake alikuwa mfagiaji wa jengo lilelile la mahakama, na yeye akitoka shule alikaa benchi la nyuma kumsubiri amalize korido na ngazi. Siku moja alimwona mzee mmoja akieleza kisa cha shamba lake kwa uchungu mwingi, na kalamu ya hakimu imekwisha wino. Hakimu hakumkatiza. Aliitikisa kalamu, akaipulizia, akaisugua kwenye kiganja, mzee anaendelea tu. Kalamu ilipopona, mzee alikuwa amefika mwisho na amekaa, ameridhika. Alishindwa kesi. Mama alipomkuta binti yake analia alidhani ni njaa.

Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la fundi cherehani, ngazi kumi na sita, ya saba imelegea. Mashine zilipokimbia chini, sakafu ilinguruma nyayoni, na chai ndani ya kikombe ikafanya miduara. Waliopanda ngazi hizo walikuwa na ugomvi wa aina moja: mamlaka fulani, ya barabara au ya maji au ya mji, imewafanyia jambo na haitaki kuulizwa. Mjane mmoja alikuja na picha ya nyumba yake iliyokatwa katikati na tingatinga kupisha barabara. Nusu iliyobaki ilikuwa na choo, na choo hicho sasa kilikuwa kinatazama barabara, hakina ukuta. "Wakili," mjane alisema, "mimi sidai makubwa. Nataka nijisitiri." Kesi hiyo ilichukua miaka sita. Mjane alishinda, na mamlaka ya barabara ikajenga ukuta, na nyuma ya ukuta nyumba.

Katika miaka hiyo alipita mikononi mwake mwanagenzi mmoja wa sheria, mwanamume mrefu, mwenye akili na kiburi cha kutosha watu wawili. Mama Iandikwe alimkalisha nyuma yake mahakamani mwaka mzima, marufuku kufungua mdomo. Kazi yake ilikuwa kutazama kalamu. Yule bwana alilalamika, "Mwalimu, nimesoma miaka minne ili nije kuangalia mtu anaandika?" Akamjibu, "Wewe umesoma kusema. Kusema hata kasuku anasema." Mwisho wa mwaka alikuwa wakili hodari. Baada ya miaka mitano akaiacha sheria, akaingia siasa, akawa mbunge, kisha Mnadhimu wa chama tawala, yaani yule anayehakikisha wabunge wa chama wanapiga kura kama walivyoagizwa. Lakini kila alipokutana na wakili huyo bado alimwita Mwalimu.

Ni yeye aliyepanda zile ngazi kumi na sita, suti ya kijivu imembana, akajikwaa kwenye ya saba.

"Hujaitengeneza tu hii ngazi?"

"Inanisaidia. Nasikia nani mgeni na nani mwenyeji. Kaa."

Alikaa, akaeleza. Kiti cha Spika kilikuwa wazi, na majogoo wawili wa chama walikuwa wanakigombania hadi manyoya yanaruka. Akipewa huyu, wa yule watanuna. Akipewa yule, wa huyu watahama. Katiba iliruhusu Spika atoke nje ya Bunge, mradi awe mtu safi na anajua sheria. "Nikasema, mtu safi namjua."

"Yaani mnatafuta kisu kisicho na makali."

"Tunatafuta mtu wa haki, Mwalimu."

"Wewe ukianza kuniambia mambo ya haki, najua kuna kitu umekificha mfukoni." Walicheka wote wawili. Sakafu ilinguruma. Alitazama faili zilizopangwa ukutani hadi darini, akawaza sheria zote alizopigana nazo kwa miaka ishirini na minane, moja moja, kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Bungeni ndiko mtumbwi ulikotobolewa. Akakubali.

Mama yake, ambaye sasa aliishi naye, mwenye miaka themanini na ulimi usiozeeka, alimtazama akijaribu joho jipya mbele ya kioo. "Mwanangu, mtu akikupa kiti kirefu, angalia miguu kama inafika chini."

Haikufika. Kiti cha Spika kilichongwa enzi za wanaume warefu, na siku ya kwanza alikaa nusu saa miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi, hadi seremala wa Bunge alipomtengenezea kigoda cha kukanyagia. Gazeti moja likachora kikatuni cha kigoda hicho. Alikikata akakibandika jikoni.

Aliyemfundisha kazi ni Katibu wa Bunge, mwanamume mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi shingoni, aliyewahi kuwahudumia maspika wanne na kumzika mmoja. Kazi yenyewe si ngumu, alisema. Spika hachangii hoja. Spika hapigi kura. Muswada ukifika mwisho, Spika huwahoji wabunge: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Sauti zinapanda, Spika anasikiliza, kisha anatangaza upande ulioshinda. Hakuna kunyoosha mikono wala kuhesabu. Sikio la Spika ndiyo mizani. Wabunge thelathini wakisimama kupinga alivyosikia, basi majina yataitwa, kila mtu ajibu peke yake. "Lakini hilo halijatokea tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi," alisema Katibu.

"Na zikilingana, sauti?"

Katibu alivua miwani akaiacha ining'inie. "Mheshimiwa Spika, kiti husikia ndiyo."

"Na siyo je?"

"Siyo huwa ni mwangwi."

Alicheka, maana kilikuwa kichekesho kizuri. Kwa miaka miwili kilibaki kichekesho, kwa sababu chama tawala kilikuwa na watu wengi na ndiyo zilikuwa nyingi kwa haki. Aliongoza vikao kwa mkono mwepesi. Waliotukana aliwatoa, wa upande wowote. Aliyesema uongo alimwambia arudie taratibu ili waandishi wa taarifa rasmi wampate vizuri, na wengi walipoambiwa warudie waligundua kwamba hawakumaanisha hivyo. Usingizi wake ulikuwa mzuri.

Kisha ukaja muswada wa kufuta mabaraza ya wapangaji, yaani mahali ambapo mpangaji aliyetupiwa vyombo nje aliweza kwenda kulalamika bila wakili. Wabunge wa chama tawala wenyewe hawakuutaka. Wengi wao walitoka miji iliyojaa wapangaji. Alipowahoji, ndiyo zilitoka kama watu wanaoguna usingizini. Siyo zilipanda hadi kwenye feni za darini. Alizisikia. Hakukuwa na shaka yoyote. Akafungua mdomo, na mdomo, uliozoea, ukasema, "Waliosema ndiyo wameshinda." Nyundo ikagonga. Upande wa upinzani walipiga kelele, lakini walikuwa ishirini na sita tu waliosimama, na kanuni ilitaka thelathini.

Alijiambia ni uchovu. Alijiambia wangeshinda hata hivyo. Usiku ule hakuyaamini yote mawili.

Mama yake alikuwa na redio kubwa ya betri, aliyoisikiliza kwa sauti ya kuwaamsha majirani, na vikao vya Bunge hakukosa hata kimoja. Jioni wakila, alisema bila kuinua macho kwenye sahani, "Leo mbona siyo zilikuwa nyingi?"

"Zilikuwa nyingi?"

"Mimi nilizisikia nyingi. Au ni redio?"

Wakili aliyekuwa amewahoji mashahidi maelfu alitafuna, akameza, akamwambia mama yake, "Itakuwa redio, mama."

"Haya. Nitaipeleka kwa fundi."

Na kweli aliipeleka. Aliifunga kwenye kanga, akaenda nayo kwa fundi wa redio mtaa wa pili, akaiacha siku tatu. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akabadilisha betri, akamrudishia na kukataa malipo. "Bibi, redio hii haina ugonjwa wowote." Mama aliirudisha juu ya kabati, akaifungulia, akampa binti yake chai. Hakusema kitu. Hakusema kitu kesho yake, wala kesho kutwa. Binti alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, alikuwa mtu wa tatu katika nchi kwa itifaki, na alikuwa anaogopa kuingia jikoni kwake mwenyewe.

Miezi minne baadaye muswada wa mashauri ulifika mezani kwake, kurasa tisa tu. Aliusoma ofisini akiwa amesimama. Kifungu cha tatu kilisema kwamba mwananchi hatafungua kesi dhidi ya mamlaka yoyote ya umma mpaka apate kibali cha maandishi cha waziri anayehusika na mamlaka hiyo. Alikisoma mara ya pili, akakaa. Aliwaona wote wakipanda ngazi, mjane na picha yake mbele, na mlango juu umepigwa kufuli.

Mnadhimu alikuja siku moja kabla ya kura. Aliingia bila kubisha, kisha akakumbuka, akarudi akabisha mlango uliokuwa wazi.

"Umeuona, Mwalimu?"

"Nimeuona. Yaani mtu akiibiwa, akamwombe mwizi ruhusa ya kumshtaki."

"Miradi ya serikali inachelewa. Kila barabara ina kesi kumi."

"Kwa sababu kila barabara ina nyumba kumi."

Alivuta kiti, akakaa karibu, sauti ikashuka. "Nakuheshimu kama mama yangu, kwa hiyo nitasema wazi. Watu wangu hawaupendi. Wanaogopa majimboni. Kesho wengine watajificha chumba cha chai, wengine watasema ndiyo kwa pua. Siwezi kuwalazimisha wapige kelele. Lakini hawatasimama kukupinga. Wewe sikia ulivyozoea kusikia, nyundo igonge, tuende nyumbani."

"Nilivyozoea."

"Muswada wa wapangaji ulisikia vizuri sana." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake dawa iliyomsaidia. Ndiyo maana iliuma.

Mama Iandikwe aliukunja muswada, akaufungua, akaunyoosha kwa kiganja. "Unajua kwa nini nilikukalisha nyuma yangu mwaka mzima?"

"Kutazama kalamu."

"Ulikuwa mwaka wa hasara. Ulitazama kalamu, hukumtazama aliyekuwa anazungumza."

"Mwalimu, wakikutoa mimi siwezi kukukinga."

"Nimekuomba mwavuli?"

Asubuhi ya kura, Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha na ukumbi ulinuka makoti yaliyoloa. Alikanyaga kigoda, akatazama. Viti vya upande wa kulia, wa serikali, vilikuwa na mapengo kama mdomo wa bibi. Waliokuwepo walikuwa wamezama kwenye makaratasi. Hapo ndipo alipoelewa kosa walilolizoea: kwa miaka mingi kiti kilikuwa kimewasikilizia, na wao wakaacha kusema. Walikuwa wameachia mtu mmoja kazi ya sauti mia mbili, halafu hawakujali tena mtu huyo ni nani.

Waziri alihitimisha hoja. Aliketi. Katibu, chini ya kiti, aliandaa karatasi ambayo juu yake tayari alikuwa amepiga chapa neno Umepitishwa.

"Waheshimiwa wabunge, nitawahoji. Wanaoafiki muswada huu waseme ndiyo."

Ndiyo zikatoka. Zilikuwepo, hakuna wa kusema hazikuwepo, lakini kila mmoja alikuwa amemwachia jirani yake. Waziri alisema yake kwa nguvu, akageuka nyuma kwa mshangao, kama mtu aliyeimba kiitikio peke yake.

"Wasioafiki waseme siyo."

Siyo ilipanda kutoka kushoto kwa pamoja. Kisha, kutoka mabenchi ya nyuma kulia, zikaongezeka nyingine, vichwa vimeinama, vinywa havionekani. Glasi ya maji iliyokuwa mbele yake ilitetemeka.

Akatazama meza. Ukumbi ulidhani anatafuta karatasi. Katibu aliinua macho. Spika alishika mpini wa nyundo, akausikia mdomo wake ukijikunja kwenda kule ulikozoea, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Akaukaza.

"Waliosema siyo wameshinda."

Nyundo ikagonga. Kisha upande wa kushoto ukalipuka, na Waziri akawa wima, na Mnadhimu akawa wima, mkono juu. "Mheshimiwa Spika! Tunapinga! Naomba majina yaitwe!"

"Ni haki yako, Mheshimiwa. Kanuni inataka wabunge thelathini wasimame. Wanaounga mkono wasimame mahali walipo."

Mnadhimu alibaki amesimama, uso mbele. Viti viligonga hapa na pale nyuma yake. Aligeuka kutazama, na Spika akahesabu kwa sauti, taratibu, akimtazama kila mmoja, akimpa nafasi ya kutosha. Walikuwa kumi na tisa. Mbunge mmoja mnene alianza kuinuka, akakumbuka kitu, akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu hakikuwa na kamba. Kusimama kulimaanisha majina kuitwa, na majina kuitwa kulimaanisha jimbo zima kusikia nani alisema ndiyo.

"Kumi na tisa. Hawatoshi. Muswada umekataliwa. Kwa mujibu wa kanuni hautaletwa tena mbele ya Bunge hili kabla ya miezi sita." Nyundo. "Katibu, badilisha karatasi yako."

Walimjia jioni hiyohiyo nyumbani, watatu, Mnadhimu akiwa wa mwisho mlangoni. Walikuwa na barua ya kujiuzulu iliyochapwa tayari. Sababu za kiafya, ilisema. Mama yake aliketi kwenye kochi na hakuonyesha dalili ya kuondoka.

"Nina ugonjwa gani?" Mama Iandikwe aliuliza.

"Ni lugha tu, Mheshimiwa," mkubwa wao alisema. "Utapata ubalozi. Nchi ya baridi, tulivu."

"Mwanangu akipata baridi anakohoa," mama alisema. "Sasa hiyo ndiyo itakuwa sababu ya kiafya."

Mnadhimu alicheka bila kutaka, akajifuta mdomo. "Mwalimu, saini. Usiposaini tutakutoa kwa kura, na itakuwa aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yako."

"Basi niachie niibebe mwenyewe. Chukueni barua yenu, kalamu mmeisahau mezani."

Kura ya kumtoa ilipangwa siku ya Alhamisi. Spika hawezi kuongoza kikao kinachomjadili, kwa hiyo Naibu alipanda kitini, akakisogeza kigoda kwa mguu, na yeye akaketi chini, kwenye kiti cha plastiki walicholetewa wageni. Hoja ilisomwa: ameshindwa kusikia matakwa ya Bunge. Alipewa dakika kumi za kujitetea. Alisimama bila karatasi.

"Waheshimiwa, mmesema sisikii. Miezi minne iliyopita, katika muswada wa wapangaji, nilisikia siyo, nikatangaza ndiyo. Kosa hilo nililifanya, na mngenitoa kwa hilo ningekusanya vitu vyangu kimyakimya. Hamkunitoa. Mlinipigia makofi. Mnanitoa kwa siku niliyosema kweli. Sawa. Lakini leo msinitoe kwa kelele. Kanuni inasema wakisimama thelathini, majina yaitwe. Ninawaomba, yaani nawaomba hata mnaonichukia, simameni. Kila anayenitoa anitoe kwa jina lake, wapiga kura wake wamsikie." Akakaa. Alikuwa ametumia dakika moja na nusu.

Upande wa kushoto walisimama ishirini na sita, walewale. Naibu alianza kutabasamu. Kisha mwanamama mmoja wa nyuma kulia, aliyewahi kuwa mkunga na ambaye kwa miaka saba bungeni hakuwahi kuchangia hoja, akasimama akijikung'uta gauni. Jirani yake akasimama. Wawili wengine. Watano wengine. Naibu akaacha kutabasamu.

Majina yaliitwa kwa saa moja na dakika arobaini. Yeye alikaa wima kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akimtazama kila anayejibu. Wapo waliosema ndiyo kwa ukali wakimkazia macho, hao aliwaheshimu. Wapo waliosema siyo, sauti zinatetemeka, wakijua chama kitawafanya nini. Lilipoitwa jina la Mnadhimu, yule mwanamume mrefu alisimama, akatazama sakafu, midomo ikacheza.

"Mheshimiwa, sikusikia," Katibu alisema.

Midomo ikacheza tena.

"Mheshimiwa, naomba urudie."

"Mimi nimemsikia," alisema Mama Iandikwe kutoka chini. "Kasema ndiyo. Si ndivyo, bwana?"

Vichwa vyote viligeuka upande wake. Mnadhimu aliinua kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Ndivyo, Mwalimu," alisema kwa sauti kubwa, na akakaa kama mtu aliyeangushwa.

Zilihitajika kura mia moja na sitini kumtoa. Zilipatikana mia moja sitini na tatu.

Nyumbani mama yake alimpokea mlangoni, redio bado inanguruma ndani. "Yule mwenye sauti ya mbuzi naye kasema ndiyo! Na yule wa kwetu, mshenzi, nilimbebea mama yake ndoo za maji. Nimewashika wote. Ingia ule."

Alikula akashiba. Alilala kama gogo.

Jumatatu saa mbili kasorobo alikuwa kwenye dirisha la masjala ya mahakama, sketi nyeusi ya zamani, mkoba umevimba. Nyuma yake, kwenye ngazi na korido, walikuwa wamekaa watu ambao alikuwa amewapigia simu Ijumaa na Jumamosi yote, na wengine waliokuwa wamemtafuta wenyewe baada ya kusikia: wa bomba lililopasuka, wa shamba lililopimwa mara mbili, wa kiosko kilichovunjwa, mwanamume aliyekuja na mlango wa nyumba yake kwa sababu ndio uliobaki. Karani wa masjala alipokea hati, akaisoma kichwa, akapokea nyingine, kisha akatoa kichwa dirishani akaitazama foleni ilivyozunguka kona.

"Mama, hizi zote ni zako?"

"Ni zao. Mimi nimeandika tu."

"Na wanasema ule muswada utarudi. Miezi sita."

"Miezi mitano na siku ishirini na nne," alisema. "Kesi iliyofunguliwa kabla haiulizwi kibali. Muhuri wako uko wapi?"

Karani aliinama, akapekua droo, akautoa, akautia kwenye kidau cha wino. Alipiga ya kwanza. Akapiga ya pili.

"Bonyeza vizuri," alisema Mama Iandikwe. "Tarehe isomeke."